Sababu ya Kuahirisha

Kwenye mwenendo wa shauri hakuna safu ya machozi.
Naandika: Mdai anaeleza. Naandika: Mdaiwa anakana.
Miaka kumi na tisa Chumbageni, mwandiko wangu haujatetemeka,
nami nikijivunia hilo
kama fundi anavyojivunia msumeno.

Alhamisi ile Hakimu Semhando aliingia na shati la jana.
Tulijua. Mama yake amelazwa Bombo,
usiku kucha yeye yuko kwenye benchi la ukumbini,
na asubuhi mnyororo wa baiskeli umemkatikia Barabara ya Nane.
Viganja vina grisi. Akavificha chini ya meza
kama mtoto aliyedokoa sukari.

Shauri la kwanza, talaka. La pili, mbuzi watatu wa Pongwe.
Mzee Kilua akaomba arudiwe swali;
sikio lake moja alilizika kwenye mashine ya mkonge.
"Hapa si barazani kwako!"
Meza ikalia. Kofia ya mzee ikaanguka,
asiiokote.
Niliandika: Mdaiwa ameonywa.

Likaitwa la tatu.
Mwanakombo Chambo, mpika vitumbua,
anamshtaki mwanawe wa kumzaa:
laki na nusu ya dawa ya presha, kaipeleka kwenye kamari.
Mama hakupandisha sauti.
Kijana akatabasamu.

Nikauona mshipa wa shingo ya Hakimu.
Nikaiona kalamu yake imetua kwenye karatasi,
wino unavuja nukta, nukta inanenepa.
Niliijua sentensi inayokuja.
Karandinga la Maweni lilikuwa nje, injini inanguruma.
Na sheria ilimruhusu.
Hilo ndilo lililonitisha: ilimruhusu.

Akaweka kalamu chini.
Akavitoa viganja, akavitazama
kama anayesoma hati ya mtu mwingine.
Kisha akasema, kwa sauti ambayo kile kiti hakiijui:
"Nina hasira. Nimetoka nayo huko nilikotoka.
Mahakama itasimama dakika kumi."

Askari akakohoa.
Mimi, kalamu hewani: kwenye sababu niandike nini?

Ukuta wa ofisi yake ni mbao nyembamba.
Bomba likafunguliwa. Likafungwa. Likafunguliwa tena.
Halafu sauti ambayo hata hapa siiandiki.

Makarani wapya huwa nawaambia:
moyo uache mlangoni, pamoja na mwavuli.
Siku ile nikiwa nimekaa na daftari wazi
nikamkumbuka mtoto wa Amboni, shauri la Januari,
ushahidi wake nilioupiga mistari kwa rula,
kisha siku tatu chakula hakipiti.
Nilikwenda kupima malaria. Hakukuwa na malaria.

Aliporudi, mikono safi, kucha bado nyeusi.
Kwanza akamwita Mzee Kilua kutoka benchi la nyuma,
kiti kikageuzwa upande wa sikio zima,
swali likarudiwa, polepole, mara mbili.
Kofia alishaivaa. Sijui nani alimwokotea.

Ndipo akamgeukia kijana:
"Unatabasamia nini?"
Kimya. Funguo zikagongana mkononi.
"Naogopa, mheshimiwa. Nikiogopa uso wangu unafanya hivi."
Mama yake akainamisha kichwa:
"Tangu mdogo."

Usidhani alimwachia.
Atalipa, elfu kumi kila Ijumaa, hapa mezani kwangu,
na mama awepo akihesabu.
Ijumaa mbili amekuja. Ya tatu hakuja.
Ya nne kaleta ishirini, na vitumbua vilivyofungwa gazetini,
ambavyo kwa mujibu wa kanuni nilivikataa,
na kwa harufu yake nikajuta hadi jioni.

Juzi kapita mkaguzi, kidole juu ya ukurasa:
"Karani, dakika kumi hizi hazina sababu. Ulisahau?"

Nilimtazama. Macho mekundu, tai imekazwa mno,
simu inamtikisika mfukoni naye haipokei.

"Kaa kwanza," nikamwambia.